Msaada wachoraji: mfalme wa miaka mitano hajamezwa na joho, mimi wangu kamezwa

fundi_brashi_ujiji
Habari zenu wakuu. Niko Ujiji, nachora sura za watu kwa rangi ya mafuta. Kuna mama kanipa kazi ya mwanae wa miaka mitano, kamaliza chekechea, anamtaka akiwa kwenye joho la mahafali. Nimeshachora mara mbili na zote mtoto kapotea, unaona guo jeusi halafu kichwa kidogo juu kama kimebandikwa. Katika kutafuta mfano nikakutana na Louis wa 15 wa Ufaransa, kachorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1715, naye miaka mitano vilevile, kakaa kwenye kiti cha enzi na joho la bluu lenye maua ya dhahabu limemwagika kila upande, lakini jicho linaenda usoni kwanza. Aliwezaje? Na mtoto wa umri ule alitulizwaje, maana huyu wangu dakika kumi ni nyingi.

kanvasi_mwanga
Fundi mwenzangu, usidhani alikaa na lile joho siku nzima. Rigaud alikuwa na karakana yenye wasaidizi, huyu anachora nguo, yule maua, na daftari zake za hesabu zipo mpaka leo zinaonesha malipo yao. Hata ile picha yake maarufu ya Louis wa 14 ya mwaka 1701, uso ulichorwa kwenye kipande cha kanvasi peke yake kisha kikaunganishwa kwenye kanvasi kubwa. Kwa hiyo mchukue mtoto kwa ajili ya uso tu, joho kalitundike kwenye kiti ulichore kwa nafasi yako.

Halafu kuhusu kumezwa, tazama alivyotumia weupe. Bitana la lile joho ni manyoya meupe yenye vidoa vyeusi, vidoa ni ncha za mikia ya mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, na weupe huo unavunja uzito wa ile bluu. Wewe una jeusi tupu. Joho la chekechea si lina utepe wa rangi shingoni? Huo ndio uupe mwanga, kule chini acha giza lilale.

mwl_historia_tbr
Naongezea kutoka Tabora. Wengi wanaona utajiri kwenye picha ile, mimi naona yatima. Februari 1712 mama yake alikufa kwa surua, siku sita baadaye baba, na mwezi uliofuata kaka yake. Yeye alikuwa na miaka miwili, akaugua pia, na aliyemwokoa ni mlezi wake Madame de Ventadour, aliyemficha asionwe na madaktari, wasimtoe damu, tiba ya zama zile, kama walivyofanya kwa kaka yake. Mtoto alikuwa akimwita mama. Tarehe 1 Septemba 1715 akafa babu wa baba yake, Louis wa 14, ndio mtoto akawa mfalme, na Philippe d'Orléans akashika madaraka kwa niaba yake hadi 1723 alipotimiza miaka 13.

Ndio maana joho lazima liwe kubwa. Cheo hakipunguzwi kulingana na mwili wa mtu, hata kwetu Unyamwezini kibangwa cha mtemi, lile pambo la ganda la konokono wa baharini, kilikuwa alama ya utemi, aliyekivaa awe mzee au kijana. Waliotazama picha ile walitakiwa kuona kwamba Ufaransa bado ina mfalme.

fundi_brashi_ujiji
Asanteni sana. Mwalimu hiyo ya Madame de Ventadour imenikaa. Nimerudi kuangalia tena ule uso, mashavu ni ya mtoto kabisa, Rigaud hakumzeesha, na mimi nadhani kosa langu liko hapo, nilimkaza midomo aonekane msomi.

kanvasi_mwanga
Hapo umepata. Joho liwe zito, uso uache mlaini. Na mama yake akae karibu na wewe, mtoto amtazame yeye.

fundi_brashi_ujiji
Jumamosi asubuhi naenda kwao, mwanga wa ziwani unaingia vizuri kwenye baraza yao. Nabeba kikanvasi kidogo cha uso tu, joho nimeshaliomba, limetundikwa hapa kwangu tangu jana na utepe wake ni wa njano.