Jokofu la chanjo la sola bila betri: barafu ikae wapi?

fundi_visiwani
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Ukerewe. Zahanati moja ya kisiwa cha jirani ina jokofu la chanjo la sola. Paneli nzima, betri zimekufa. Zikiletwa mpya zitakufa tena baada ya miaka michache, maana wanakijiji wanachajia simu pale, na siwezi kumlaumu mtu asiye na umeme kwake. Nataka kuunda lisilo na betri: mchana jua ligandishe maji, usiku barafu itunze ubaridi. Barafu iwe kiasi gani, na ikae wapi chanjo zisigande?

mzee_kompresa
Fundi, anza na hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kama wati-saa 93. WHO wanataka jokofu la aina hii lihimili angalau siku 3 bila jua, chanjo zikibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Sanduku lako likipitisha joto la wati 20, siku 3 ni wati-saa 1,440, yaani barafu kilo 16 hivi. Ukinenepesha povu la kuta, kilo zinashuka. Mimi pesa ya kwanza ningeiweka kwenye povu, paneli baadaye. Mlango uwe juu kama wa friza la samaki, ukifungua hewa baridi haimwagiki.

Barafu isikaribiane na chanjo kabisa. Hapa maji yenyewe yanakusaidia: huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa nyuzi 4. Gandisha sehemu ya juu ya tangi. Maji ya nyuzi 4 yatazama, barafu itabaki inaelea, na chumba cha chanjo ukizungushie yale maji ya chini. Kampuni ya Sure Chill ya Wales wameunda majokofu yao kwa kanuni hiyo hiyo.

Kompresa tafuta ya DC, yaani ya umeme kama unaotoka kwenye paneli, inayobadili kasi. Ya kawaida inataka mkupuo mkubwa wa umeme inapowaka, na jua la saa moja asubuhi halina nguvu hiyo. Bila betri hakuna wa kuisukuma.

muuguzi_chanjo
Kaka fundi, naomba unisikilize na mimi ninayezichoma hizo chanjo. Wengi wanaogopa joto tu. Pentavalenti (ile chanjo moja ya magonjwa matano), pepopunda na homa ya ini B zikiganda zimeharibika, na kile kibandiko cha kichupa kinachobadilika rangi hakikwambii, kwa sababu kinapima joto, hakipimi kuganda. Mtoto anachomwa, kadi inajazwa, mama anaondoka na furaha, kinga hakuna. Jokofu la kujiundia lisiwekwe chanjo hata siku moja kabla halijapimwa na kuthibitishwa. Kwa zahanati hiyo, halmashauri iombwe jokofu lililo kwenye orodha ya WHO. Yasiyo na betri yamo.

fundi_visiwani
Nimekuelewa dada, na nashukuru. Langu litabeba chupa za maji tu, na kipimajoto kinachorekodi mchana na usiku. Mzee, tangi la plastiki litahimili barafu inapotanuka?

mzee_kompresa
Litahimili ukiacha nafasi ya hewa juu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Usijaze mpaka mdomoni, na mabomba ya ubaridi yasishikane na kuta za tangi.