Kikapu cha watu au hanesi kwenye ndoano ya kreni: niagize kipi?

Mkata_Matawi: Wakuu, naomba ushauri. Kabla wiki haijaisha naagiza kifaa cha kumpandisha mtu mtini kwa kreni. Niko njia panda: kikapu cha chuma cha watu wawili, au fundi avae hanesi, yaani mikanda ya mwilini ya usalama, na kuning'inia kwenye ndoano. Kikapu ni ghali zaidi lakini kinanipa imani. Mnasemaje?

Opereta_wa_Zamani: Kreni ya tani ngapi? Mti uko umbali gani kutoka kreni itakaposimama? Mzima au umeoza? Magogo yatashushwa na kreni hiyohiyo? Bila hayo tunapiga ramli.

Fundi_Kamba: Hanesi, mkuu, wala usihangaike. Kikapu ndani ya matawi ni kero tupu: kinanasa, kinazunguka, na ukifika unakuta tawi unalolitaka liko upande wa pili. Ukivaa hanesi, kamba yako inafungwa kwenye pingu ya chuma yenye bolti, nati na pini, unapanda, unahamia mtini, kazi inaanza. Ila pingu ya kusokota tu bila nati usiikubali, hulegea.

Dada_Mkaguzi: Fundi, umeruka penye uzito. Kiwango cha Marekani cha kazi za miti, ANSI Z133, kwa kawaida kinataka mtu awe amejitoa kwenye kreni kabla haijaanza kubeba gogo. Kama mti umeoza, atajifunga wapi? Na kikapu nacho kina masharti. Kanuni za ujenzi za huko zinataka uzito wote usizidi 50% ya uwezo wa kreni kwa umbali ule, kikapu kijaribiwe kwa 125% ya uzito wake wa kazi kwa dakika 5, na kipandishwe kwanza bila watu.

Mkata_Matawi: Samahani, nilikuwa na haraka. Kreni ni ya kukodi, tani 30. Mti umekauka, uko nyuma ya nyumba. Magogo yatabebwa na kreni hiyohiyo.

Opereta_wa_Zamani: Tani 30 ni mkono wa kreni ukiwa mfupi na mzigo uko karibu. Ukiunyoosha juu ya paa la nyumba, chati ya uwezo wa kreni inaweza kukupa sehemu ndogo sana ya hizo tani, nawe utumie nusu yake. Lakini mimi swali langu la kwanza ni swichi ya kuzuia ndoano isigonge kichwa cha mkono. Kuna kampuni ilitukodishia kreni, kijana wetu akapandishwa kwa hanesi. Ndoano ikazidi kupanda na opereta macho yako kwenye matawi. Swichi kimya. Msaidizi wa chini alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, ndoano ikasimama imebaki nafasi ya kiganja. Ingegonga, waya wa kreni ungekatika. Tuliposhusha mkono tukakuta swichi imefungwa kwa kipande cha waya ili isilie! Tangu siku hiyo hapandi mtu kabla sijaiona ikizima winchi, ile mashine ya kuvuta waya, mbele yangu.

Jukwaa_Kwanza: Ndiyo maana nasema kila siku, kreni ni ya mizigo. Kodi lori lenye jukwaa la kuinulia watu, mjadala uishe.

Mkata_Matawi: Halifiki huko nyuma, kaka. Njia ni nyembamba.

Jukwaa_Kwanza: Kuna mashine ndogo za jukwaa zenye miguu ya kukunjua kama buibui, hupita kwenye geti la kawaida.

Fundi_Kamba: Hata humo jukwaani utahitaji kamba fupi ya kiunoni, na iwe yenye waya ndani. Chenso, yaani msumeno wa mashine, ikiteleza, kamba ya nyuzi tupu inakatika mara moja.

Dada_Mkaguzi: Waya huchelewesha tu, hauzuii chenso. Na pakiwa na nyaya za umeme jirani, umejifunga kipitisha umeme kiunoni.

Fundi_Kamba: Dada, pakiwa na umeme jirani hata kreni isingekuwa pale.

Dada_Mkaguzi: Isingekuwa, lakini huwa zipo, tunazikuta kila mara.

Opereta_wa_Zamani: Mkata Matawi, hujajibu umbali. Na mawasiliano ni redio au ishara za mikono?

Fundi_Kamba: Redio ya kwenye helmeti. Nani ataona mikono katikati ya majani?

Jukwaa_Kwanza: Mti si umekauka? Majani gani tena hayo?

Mkata_Matawi: Umbali nitaupima kesho. Hiyo ya miguu ya buibui inafika mita ngapi?