Naomba ushauri: Lofoi au Kiubo mwishoni mwa Septemba?
Ndugu zangu wa Lubumbashi, mwishoni mwa Septemba, kiangazi kinapoelekea ukingoni na vumbi jekundu limetanda hata juu ya majani ya miembe, ningependa kuitoa familia yangu nje ya mji kwa siku mbili. Moyo wangu uko kwenye maporomoko ya Lofoi, katika Hifadhi ya Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300. Lakini kabla ya mvua maji yake hupungua sana, na sitaki watoto watembee juani kwenda kutazama mwamba mkavu. Je, afadhali twende kwenye maporomoko ya Kiubo, katika mto Lufira, au tungoje mvua, ingawa barabara zitakuwa matope? Aliyepita huko karibuni anieleze hali ya njia na mahali salama pa kulala.