Inatosha sasa: Brian Clough si kocha wa siku 44

Wakuu, salaam. Kila mjadala wa makocha wa Kiingereza unapoanza, Brian Clough akitajwa hakumbukwi ila kwa mambo mawili: siku 44 alizodumu Leeds United mwaka 1974, na mdomo wake. Kisha mchambuzi anahitimisha kwamba Chama cha Soka cha England, FA, kilifanya busara kumnyima timu ya taifa. Hiyo ni dhuluma, na inaniudhi zaidi kwa sababu wanaoirudia hawajajisumbua hata kuitazama rekodi yake.

Kabla ya ukocha, Clough alikuwa mshambuliaji aliyefunga mabao 251 ya ligi katika mechi 274 akiwa na Middlesbrough na Sunderland. Ndiyo, karibu yote yalikuwa ya daraja la pili, lakini wastani huo hauokotwi njiani, na bado England ilimchezesha mechi mbili tu, zote mwaka 1959. Tarehe 26 Desemba 1962, katika uwanja wa Roker Park, aliukimbilia mpira akagongana na kipa wa Bury, Chris Harker, na kano za goti zikakatika. Alijaribu kurudi, goti likakataa, akatundika daluga akiwa na umri wa miaka 29.

Mwaka 1965 alianza ukocha Hartlepools United, klabu hohehahe ya daraja la nne, akiwa na msaidizi wake Peter Taylor. Waliikuta Derby County daraja la pili mwaka 1967, na kufikia 1972 ilikuwa bingwa wa England. Leeds ilimshinda, hilo halina ubishi: aliingia katika chumba cha wachezaji waliompenda kocha aliyemtangulia, Don Revie, akawaambia medali zao wakazitupe kwa kuwa walizipata kwa hila. Lilikuwa kosa kubwa la uongozi. Lakini ni haki gani inayopima miaka karibu 28 ya kazi kwa siku 44?

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Julai 1977 Revie, wakati huo kocha wa England, aliitelekeza timu ya taifa akaenda kufundisha Umoja wa Falme za Kiarabu, huku England ikielekea kukosa Kombe la Dunia kwa mara ya pili mfululizo. Desemba mwaka huo FA iliwahoji makocha kadhaa, na miongoni mwao ni Clough peke yake aliyewahi kutwaa ubingwa wa ligi ya England akiwa kocha. Nottingham Forest, aliyoikuta daraja la pili Januari 1975 na kuipandisha miezi michache tu kabla ya usaili huo, ilikuwa inaongoza ligi. Kazi akapewa Ron Greenwood, mtu muungwana na mwenye elimu kubwa ya soka, lakini aliyekuwa amekabidhi benchi la West Ham kwa John Lyall tangu 1974. Mwezi huohuo Forest ikaenda Old Trafford na kuifunga Manchester United 4-0.

Msimu ulipokwisha Forest ilikuwa bingwa. Mwaka 1979 ilichukua Kombe la Ulaya (sasa Ligi ya Mabingwa) mjini Munich kwa kuifunga Malmö 1-0, na mwaka 1980 ikalitetea Madrid kwa kuifunga Hamburg 1-0. Huyo ndiye mtu tunayeambiwa hakufaa!

Tusidanganyane, Clough hakuwa malaika. Alivyomdhalilisha mshambuliaji wake wa Forest, Justin Fashanu, kwa sababu ya ushoga wake ni aibu ambayo mabao na makombe hayawezi kuifuta, na miaka yake ya mwisho pombe ilimwharibu hadi Forest ikashuka daraja mwaka 1993. Hata hivyo, lolote kati ya hayo halikuwa mezani Desemba 1977. Kilichokuwa mezani ni viongozi wa FA waliozoea kunyenyekewa na kocha ambaye asingekubali wamchagulie kikosi wala wamfunge mdomo. Waliogopa kusumbuliwa, na mashabiki wa England ndio waliolipa.

Kwa hiyo anayeutetea uamuzi ule aje hapa na hoja ya uwanjani: Greenwood alikuwa amefanya nini, hadi kufikia mwezi ule, ambacho Clough alikuwa hajakifanya?