Re: Jengo tupu Njiro, duka au kiwanda?

Wakenya wenzangu wa Arusha, salaam.

Kaka uliyeuliza kama ukodi lile jengo tupu la Njiro, hapa Arusha, uweke duka la vipuri au kiwanda, kabla dalali hajala hata mia yako, soma amri ya Tanzania ya leseni za biashara ya Julai 2025. Asiye raia haruhusiwi tena kuuza jumla na rejareja, ukitoa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya bidhaa za wazalishaji wa ndani. Viwanda vidogo navyo amekatazwa. Faini haipungui milioni 10 za Tanzania, au jela hadi miezi 6, na kibali cha ukaazi kinakwenda. Hilo wazo lako la kukata leseni kwa jina la shemeji Mtanzania usiliguse, kwani raia anayekubeba naye ana milioni 5 zake au miezi 3.

Kwa hiyo duka la vipuri lisahau. Ukiwa na mtaji wa kiwanda chenyewe, si kidogo, anzia TISEZA, mamlaka ya uwekezaji iliyorithi kazi za TIC, kile Kituo cha Uwekezaji.

Sasa jengo. Bei ya kutupa isikulevye. Wakili apekue hati kwa Msajili wa Hati: matumizi yaliyoandikwa ni makazi, biashara au viwanda? Njiro ina viwanda, ila pia ina nyumba za watu, na ukuta mrefu wenye geti la lori haubadilishi hati.

Nenda na fundi umeme. Ghala moja nililoonyeshwa mtaa wa Unga Limited lilikuwa zuri, sakafu ya zege, bati jipya. Kufungua kaboksi la mita, umeme wa njia moja! Wa kuwasha taa na feni. Njia tatu, wa kuendesha mashine, ni maombi mapya TANESCO, na nyaya, nguzo, pengine transfoma, ni nani analipia? Iandikwe kwenye mkataba. Kodi ya jengo nayo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Ni deni la mwenye jengo, basi dai ikatwe kwenye pango.

—

Dada hapa, wa mtaa wa Sakina. Naongeza: udalali wa nyumba na viwanja nao umo kwenye amri hiyo, kwa hiyo yule Mkenya mwenzetu anayejitangaza kutafuta maghala, muulize leseni yake.

Kampuni yako ikilipa pango inakata 10% ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Wenye majengo wengi watakwambia wanataka chao kizima mkononi. Piga hesabu upya hapo hapo, maana pango limeshapanda, na usipokata, TRA itakudai wewe.