Kura ya maoni ya kubadili mfumo wa uchaguzi: mbona New Zealand walikubali, Waingereza wakagoma?

Kichwa Kigumu
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua. Mwaka 2011 Waingereza waliulizwa kwenye kura ya maoni kama wanataka kuachana na mfumo wao wa anayeongoza anachukua jimbo hata kama kapata theluthi tu ya kura, wakakataa, 67.9% kwa 32.1%. Kipigo cha mbwa koko. Halafu hao hao uchaguzi ukiisha ni malalamiko, 2024 chama cha Labour kimepata 33.7% ya kura kikazoa viti 411 kati ya 650, chama cha Reform na 14.3% yake kikaambulia viti 5. Sasa New Zealand walikuwa na mfumo ule ule, waliurithi huko huko Uingereza, wakaulizwa na wakabadili. Tatizo nini, watu au swali? Mi nahisi jambo la kitaalam kama hili halitakiwi kupelekwa kwenye kura ya maoni kabisa, mwananchi wa kawaida mambo ya uwiano wa viti atayajulia wapi. Nisahihisheni.

Mhesabu Kura
Hapo kwenye mwananchi wa kawaida umeteleza mkuu. New Zealand watu walijua vizuri sana kinachowauma, 1978 na tena 1981 Labour ya huko kwao walipata kura nyingi kuliko chama pinzani cha National nchi nzima na bado National ndo wakaunda serikali. Na hiyo 1981 kulikuwa na chama cha tatu, Social Credit, kilipata kama 20% ya kura kikapewa viti 2. Viwili! Huhitaji digrii kuona kuna mtu anaibiwa. Ikaja tume ya kifalme 1986 ikapendekeza mfumo mpya, halafu waziri mkuu Lange akaahidi kura ya maoni kwenye mdahalo wa TV 1987, na inasemekana alisoma karatasi yake vibaya tu, hakukusudia kuahidi kitu kile 😂

Ila angalia walivyouliza. Walienda kwa hatua mbili. 1992 swali la kwanza, mnataka kubadili au hamtaki, 84.7% wakasema tubadili. Swali la pili, kama tunabadili mnataka upi kati ya hii minne, 70.5% wakachagua ule wa kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo na nyingine ya chama, na hiyo ya chama ndo inayoamua chama kiwe na viti vingapi bungeni. Mwaka uliofuata ndo wakapambanisha huo na wa zamani, ukashinda 53.9% kwa 46.1%. Kwa hiyo watu walikuwa na mwaka mzima wa kubishana.

Sasa kaa chini. Kwenye ile minne ulikuwemo mfumo wa kupanga wagombea 1, 2, 3, ambao asipopatikana wa kuvuka nusu anaondolewa wa mwisho na kura zake zinahamia kwa wa pili wa kila mpiga kura. Ulipata 6.6% tu. Na huo huo ndo Waingereza waliwekewa mezani 2011, peke yake, bila mwingine wowote.

Bi Machozi
Sasa hapo wangeshangilia nini. Mfumo wa 1, 2, 3 wala sio wa uwiano, yaani viti vya chama kufuata asilimia ya kura zake, jimbo bado lina mbunge mmoja. Nick Clegg mwenyewe, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats, kabla hajaingia serikalini alishauponda kwamba ni maridhiano duni, halafu baadae ndo akazunguka kuuombea kura. Nani atakusikiliza?

Mtu wa Upinzani
Mnaongea kama kampeni haikuwepo. Clegg alikuwa ameshachukiwa mwaka ule, aliahidi kupinga kupandisha ada za vyuo vikuu halafu akiwa serikalini ada ikaruhusiwa hadi pauni 9,000, kwa hiyo wengi walikuwa wanampigia yeye kura ya hapana, mfumo walikuwa hawana habari nao. Upande wa hapana nao wakabandika mabango ya kichanga hospitalini, eti mfumo mpya utakula pauni milioni 250 bora hela ziende kwa watoto, ndani yake wameweka mpaka bei ya mashine za kuhesabia wakati Australia wanapanga 1, 2, 3 toka 1918 na kura za wabunge wanahesabu kwa mkono mpaka leo.

Ila na mimi ningepiga hapana, niseme ukweli. Mbunge mmoja, jimbo moja, akikuboa unamng'oa. Ukishaleta orodha za vyama, yaani majina ambayo chama kinayatumia kujazia viti vyake, mtu anakataliwa jimboni jioni na asubuhi yuko bungeni kupitia orodha.

Mhesabu Kura
@Mtu wa Upinzani hilo la orodha nakupa, New Zealand linatokea kweli. Lakini 2011, mwaka ule ule wa Waingereza, waliulizwa tena kama wanataka kuuacha, 57.8% wakasema ubaki.

Bi Machozi
Na Ireland je? Wao walikuwa na uwiano toka mwanzo, 1959 chama cha waziri mkuu de Valera kikataka kuwarudisha kwenye mfumo wa Kiingereza, kura ya maoni ikawekwa siku moja na uchaguzi wa rais ambao de Valera mwenyewe anagombea. Wakampa urais, na mfumo wake wakaukataa siku hiyo hiyo. 1968 wakajaribiwa tena, wakakataa zaidi, kama 61%. Mwananchi wa kawaida huyo @Kichwa Kigumu.

Kichwa Kigumu
Haya ile sentensi naifuta jamani msinimalize. Ila basi suluhisho si ni kuweka kizingiti tu, mfumo usibadilishwe mpaka ifike 60% hivi, ili isiwe hasira za msimu mmoja?

Mhesabu Kura
British Columbia kule Kanada waliweka hiyo 60% unayoitaka, 2005. Wa kubadili wakapata 57.7%, na wakashinda kwenye majimbo 77 kati ya 79. Wakaambiwa haijatosha. Waliporudia 2009 wakapata 39%, moto ulishazima. Sasa serikali iliyoweka kizingiti hicho yenyewe iliingia 2001 kwa 57.6% ya kura, na ikapewa viti 77 kati ya 79.

Bi Machozi
Subiri. 77 kati ya 79 mara mbili??

Mhesabu Kura
Mara mbili. Kahesabu mwenyewe.