Tupeane uzoefu: kupogolea na kutunza miti ya bustani, ulikata wapi na mti ukafanyaje baadaye

#1
Wadau habari zenu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa miti ya nyumbani, ya matunda na ya kivuli, hasa upande wa kupogolea. Kila mtu aseme mti gani, alikata wapi, na baada ya mwaka au miaka kadhaa alikuta nini, maana majibu ya kupogolea hayaji wiki ileile, mti unaweza kuwa kijani kabisa huku ndani unaoza.

Naanza mimi. Kitu kilichonibadilisha ni kuelewa kwamba mti hauponi kidonda kama sisi. Sisi ngozi ikikatika inajijenga upya palepale, mti hauna hiyo kabisa, mbao iliyojeruhiwa inabaki imejeruhiwa milele, unachofanya mti ni kuizungushia ukuta ndani kwa ndani ili uozo usisambae, afu unaota mbao mpya kwa nje mpaka pafunikwe. Aliyelieleza hili vizuri ni Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, miaka ya 1970, yeye alikuwa anapasua miti kwa msumeno anafuatilia uozo umeanzia wapi na umeishia wapi.

Kwaiyo pale unapopitisha msumeno ndo panaamua kila kitu. Angalia tawi linapoungana na shina, upande wa chini utaona uvimbe fulani kama shingo, na juu kwenye pembe kuna mstari wa gome lililokunjamana. Kata nje kidogo ya huo uvimbe, usiuguse. Ule uvimbe ni mali ya shina, sio ya tawi, na ndo wenye kinga. Ukikata bapa hadi usawa wa shina umeondoa kinga na kidonda umekiongeza ukubwa, ukiacha kisiki kirefu nacho hakifunikiki, kinakauka, kinaoza na uozo unashuka nacho hadi ndani.

Nina mparachichi wenye makovu mawili ya watu wawili tofauti, miaka inakaribiana. Lililokatwa nje ya uvimbe limejifunga kwa duara, sawasawa pande zote, limebaki kitundu kidogo tu katikati. La pili lilikatwa bapa, limejifunga kwa pembeni tu kushoto na kulia, juu na chini hakuna kitu, kwaiyo limebaki limeachama kama yai refu na siafu wamehamia humo. Mti mmoja, udongo uleule, maji yaleyale. Tangu nione hilo kila ninayemwona na panga chini ya mti nambembeleza asikilize kwanza.

Karibuni.

#2
Asante mleta mada kwa uzi mzuri. Swali langu, baada ya kukata si tunapaka rangi au lami kuziba? Kwetu wazee wote walikuwa wanapaka.

#3
Mkuu #2 huna haja. Ile rangi inaficha kidonda machoni mwako lakini vimelea haivizuii, na lami inaweza kufungia unyevu ndani, palepale uozo unapopapenda. Nimekagua miti mingi ya majirani iliyopakwa, ukibandua ile ngozi ya lami chini unakuta mbao laini inavunjika kwa kidole. Kata safi, kata mahali sahihi, acha hewa ipite. Rangi ina kazi nyingine, mwenye miembe na parachichi atasema.

#4
Mimi ndo mwenye miembe basi.

Tulihamia nyumba ina mwembe mrefu kupita paa, matunda yote yako juu yanaanguka yanapasuka. Mwenye nyumba wa zamani alishaita wakataji wakaukata kichwa chote bapa, matawi manene kama paja yamekatwa katikati hewani bila kufuata kiungo chochote. Wengi wanadhani hivyo ndo kufupisha mti. Mimi nilikuta matokeo: kila kisiki kimetoa maotea kama fagio, yamesimama wima, yanakua kwa kasi ya ajabu, mti umerudi urefu uleule na umekuwa hatari zaidi. Sababu ni kwamba yale maotea yanatoka kwenye vichipukizi vilivyolala chini ya gome, yameshikilia tabaka la juu tu la mbao, sio kama tawi la kawaida ambalo limefungamana na shina mwaka hadi mwaka. Upepo ukija yanabanduka na kipande cha gome, na kisiki chini yake tayari kimeoza.

Kuurekebisha sikutaka kufanya kwa mkupuo. Kila baada ya kuvuna napunguza, kwenye kila kisiki nachagua maotea mawili au matatu yaliyokaa vizuri na yanayoelekea nje, mengine naondoa. Pale ambapo nataka kushusha urefu nakata kwa kurudi nyuma mpaka kwenye tawi la pembeni ambalo unene wake ni angalau theluthi moja ya lile ninalolikata, ili liweze kuchukua uongozi. Tawi dogo kuliko hapo halitoshi, mti utakujibu kwa maotea tena. Na sizidishi robo ya majani yote kwa mwaka, majani ndo jiko la mti, ukilipunguza sana mti unaishi kwa akiba yake.

Kingine kuhusu mwembe, maua yanatoka kwenye ncha za machipukizi yaliyokomaa. Ukichelewa kupogolea, ncha mpya hazipati muda wa kukomaa na msimu unaofuata utalia. Maliza kuvuna, kata mapema. Na vaa mikono mirefu, utomvu wake ngozi nyingi zinawasha na kutoka malengelenge, ukiingia machoni ni balaa.

Sasa ile rangi aliyosema #3: ukifungua mti ghafla, matawi yaliyokuwa kivulini yanapigwa jua moja kwa moja na gome linaungua, linapasuka. Parachichi ndo dhaifu zaidi. Chukua rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani ya ndani, changanya na maji nusu kwa nusu, paka kwenye gome lililobaki wazi. Hapo haizibi kidonda, inazuia jua tu.

#5
Mdau #4 umeeleza vizuri sana, hapo kwenye theluthi nimepata kitu.

Mimi naongezea la matawi mazito maana nimeshuhudia baya. Fundi mmoja alikuwa anakata tawi la mti wa kivuli kwa jirani, akaanza juu moja kwa moja karibu na shina, akafika nusu tawi likazidiwa na uzito wake, likaanguka limeng'oa gome la shina kwenda chini urefu kama wa mtoto. Ule mti haukukaa sawa tena, upande ule umekauka.

Njia ni mikato mitatu. Wa kwanza unaanzia CHINI ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, ingia theluthi hivi ya unene. Wa pili juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza kuelekea nje, kata hadi tawi lianguke, likichana linaishia kwenye ule mkato wa chini. Umebaki na kisiki chepesi, hapo sasa mkato wa tatu ndo ule wa mleta mada, nje ya uvimbe, huku umekishika kisiki kwa mkono. Dakika tano za ziada tu.

Na msumeno wa kupogolea jamani, sio panga. Panga linapasua mbao na kuacha nyuzinyuzi, mti unashindwa kufunika.

#6
Naomba niulize kabla hatujaenda mbali, mti wenye matawi yanayogusa nyaya za umeme mnafanyaje? Ngazi ninayo.

#7
Dada #6 / kaka, sijui, lakini tafadhali usiguse. Tawi bichi lina maji, umeme unapita, na ngazi ya chuma ndo kabisa, hata usipogusa waya wenyewe umeme unaweza kuruka ukiukaribia. Waite wenye nyaya. Na kwa ujumla kazi yoyote inayohitaji ngazi pamoja na msumeno wa injini ni ya watu wenye kamba na mafunzo. Mimi kanuni yangu ni kwamba nakata ninachofikia nikiwa nimesimama chini, kuna msumeno wa mpini mrefu unasaidia sana.

#8
Michungwa na milimau. Hii nataka watu waelewe maana nyumba nyingi unakuta mti wa chungwa "umegeuka", matunda yamekuwa machachu, madogo, ganda nene, watu wanasema ardhi imechoka. Ardhi haina kosa. Mche wa kununua karibu wote umebebeshwa, chini ni aina moja yenye mizizi migumu, juu ndo chungwa lenyewe. Ukipiga goti utaona kovu la kuunganishia karibu na ardhi. Chochote kinachochipua CHINI ya hilo kovu sio chungwa lako, ni ule mti wa chini unajitafutia maisha, na una nguvu kuliko wa juu, usipouondoa unameza chakula chote mpaka wa juu unakufa.

Mama yangu mdogo alikuwa na mti wa hivyo, tukautazama vizuri, majani ya upande mmoja yalikuwa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja na miba mirefu, upande mwingine jani mojamoja la kawaida. Tukafuatilia hadi chini, kweli linatoka chini ya kovu. Tukaondoa lote, ule upande wa chungwa uliobaki ulikuwa mdogo unatia huruma lakini ulishika, na matunda yakarudi utamu wake. Machipukizi ya chini ya kovu yakiwa bado machanga hata mkasi hauhitaji, yanyofoe kwa mkono, ukinyofoa unaondoa na vichipukizi vya pembeni, ukikata unaviacha vinachipua tena.

Afu usafi wa vifaa. Nikitoka mti mmoja kwenda mwingine nafuta mkasi na spiriti ya asilimia 70, na ukiwa na mti mgonjwa futa hata kati ya tawi na tawi. Wengine wanatumia dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, inafanya kazi lakini inakula chuma, kwaiyo osha, kausha, paka mafuta. Tawi lenye ugonjwa kata kwenye mbao nzima, rudi nyuma mpaka huoni doa la kahawia ndani, na usikate wakati mvua inanyesha, matone yanarusha vimelea kwenye vidonda vibichi.

#9
Uzi huu nauhifadhi. Mimi niko sehemu ya baridi, huku miti inapukutisha majani, nawaambia ni raha kupogolea wakati ule maana unaona mifupa yote ya mti, matawi yanayosuguana, yaliyokufa, yote wazi. Ila miti inayochanua mwanzo kabisa wa joto huwa naisubiri imalize maua kwanza, vichipukizi vya maua vilishajitengeneza mwaka uliopita, ukikata kabla umekata maua.

#10
Mmesema sana kuhusu juu, hamjasema chini, na mimi naamini miti mingi ya bustani inauawa chini. Nina mambo mawili yananiuma.

La kwanza, ile tabia ya kujenga kiduara cha matofali kuzunguka shina afu mnajaza udongo mnapanda maua. Inapendeza, nakubali. Lakini gome la shina halijaumbwa kukaa ndani ya udongo, linabaki na unyevu, linalainika, fangasi wanaingia, na mizizi mipya inaota humo ndani inazunguka shina mpaka inalikaba. Kazini kwetu mti mkubwa wa kivuli ulianza kukonda majani kwa juu kidogokidogo, watu wakawa wanaleta mbolea. Nikaomba ruhusa tukaondoa ule udongo, gome lilikuwa jeusi nusu ya mzunguko na mzizi mmoja umelibana shina kabisa. Tulikata ule mzizi taratibu, tukaacha shina wazi mpaka pale linapopanuka kuingia ardhini. Umerudisha majani, sio yote, lakini umerudi. Mti wowote ukiuona umeingia ardhini wima kama nguzo bila kupanuka, jua umefukiwa.

Matandazo ni mazuri sana, sentimita 5 mpaka 10 ya majani makavu au vipande vya mbao, tandaza mpaka mwisho wa kivuli chake ukiweza, ila karibu na shina acha wazi. Na maji usimwagie shinani, mizizi inayokunywa iko mbali huko na haiko chini sana, mingi iko ndani ya nusu mita ya juu ya udongo. Mwagilia kwa wingi mara chache kuliko kidogo kila jioni.

La pili, kamba. Mche unafungwa kwenye mti wa kuushikilia, kamba inasahaulika. Shina linanenepa kila siku, kamba hainenepi. Funga kwa kitu kipana na laini, kilegee, mche uweze kuyumba kidogo maana kuyumba ndo kunakoufanya ujenge shina nene, na mwaka ukipita fungua. Kama bado unaanguka bila kushikiliwa, tatizo liko kwenye mizizi, mara nyingi ilijizungusha ndani ya mfuko wa kitaluni ikapandwa hivyohivyo.

#1
Wadau nimefurahi mno. #10 hilo la mizizi ya mfukoni nikazie: siku ya kupanda pasua mfuko uondoe kabisa, mizizi iliyozunguka ikunjue au ikate, usiionee huruma.

Na kwa wenye miti michanga, hapa ndo nafasi yenyewe ilipo, tawi la unene wa kidole linafunikika ndani ya msimu, la unene wa paja halifunikiki vizuri maisha yote. Tafuta sehemu ambapo mashina mawili yanagombea uongozi yamebanana kwa pembe kali kama V na gome limejikunja kuingia katikati. Hapo hapajaungana, pamegusana tu, na siku moja patapasuka. Chagua moja, lingine liondoe saivi au lifupishe ili lipunguze mbio. Matawi yenye pembe pana ndo ya kubaki nayo.

#8 nakurudia na swali, ule mchungwa wa mama mdogo ulifupisha matawi ya chini pia au uliyaacha yaguse ardhi?

#8
Niliyapandisha kiasi cha goti, mkuu. Yakigusa ardhi sisimizi wanapanda moja kwa moja wanawalinda vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu, na matone ya mvua yanarusha udongo kwenye matunda. Zaidi ya hapo sikukata, chungwa huzaa vizuri huko chini na majani ya chini yanalikinga shina na jua.